Fremu Inayofunguka

Pembe ndiyo inayomsema fundi wa fremu. Picha ni ya mwenyewe, kioo kimetoka kiwandani, rangi ya mbao kachagua mteja. Lakini pale mbao mbili zinapokutana, sifa au lawama ni ya fundi peke yake. Fremu moja ina pembe nne, maana yake mikato minane, kila mkato wa digrii 45. Msumeno ukienda upande kwa nusu digrii tu, pembe ya kwanza haitakuambia kitu. Ya pili nayo itanyamaza. Makosa yote hujumlishana na kujitokeza kwenye pembe ya nne, mwanya wa digrii 4 unaopitisha ukucha. Fundi mwenye haraka huuziba kwa unga wa mbao uliokorogwa na gundi, akapitisha msasa na vanishi, na mteja akaondoka ameridhika. Masika yakija mbao huvimba, kiangazi kikija husinyaa, na baada ya misimu michache kile kiraka kinadondoka chenyewe.

Karakana ninayoisifu hapa iko Ilala, Dar es Salaam, nyuma ya duka la vipuri vya magari. Wenye mtaji mkubwa wana mashine ya Morsø ya kutoka Denmark, yenye visu viwili vinavyoshuka kwa kukanyagwa pedali na kukata pande zote mbili za pembe kwa mpigo mmoja. Mzee wa Ilala hana mashine hiyo. Ana msumeno wenye meno madogo, boksi la kukatia pembe, na randa. Hukata mbao ikiwa imezidi kidogo, kisha huilaza kwenye ubao wa kuongozea alioutengeneza mwenyewe na kuipunguza kwa randa, nyuzi moja moja, mpaka inafika kwenye alama. Halafu huchukua mbao mbili za pande zinazotazamana, akazilaza mgongo kwa mgongo, na kupitisha kidole gumba kwenye ncha zake. Hatumii rula hapo. Kidole kikihisi ngazi, hata ile jicho lisiyoiona, mbao inarudi kwenye randa. Watu wengi hudhani fremu ikiachama kosa ni la pembe tu, kumbe digrii zinaweza kuwa sawa kabisa na bado fremu ikakataa kufunga kwa sababu upande mmoja ni mrefu kuliko mwenzake.

Gundi ikishapakwa, fremu huzungushiwa kamba ya katani yenye vipande vinne vya mbao pembeni, kamba ikasokotwa kwa kijiti hadi ikaze. Hapo inaachwa ilale. Misumari huja kesho yake, na kwenye mninga lazima tundu litobolewe kwanza, kwa sababu mninga ni mgumu na msumari ukilazimishwa huipasua mbao pale pale pembeni ambako kazi yote ilikuwa.

Wateja hubishana naye zaidi kuhusu mbao kuliko kitu kingine chochote, na hesabu yenyewe inafaa kujulikana. Picha ya sentimita 40 kwa 50 ina mzunguko wa sentimita 180. Mteja anapiga hesabu ya mita mbili na kuona anapunjwa. Lakini mbao yenye upana wa sentimita 5 huongeza upana huo mara mbili kwa kila upande wa fremu, mara nane kwa jumla. Ongeza sentimita 40, umefika 220, na bado hujahesabu kinacholiwa na msumeno na randa. Ndiyo maana fremu pana ni ghali kupita vile inavyoonekana. Mzee huandika hesabu hiyo kwenye kipande cha boksi mbele ya mteja, polepole, bila kukereka, na mara nyingi ubishi unaishia hapo.

Uimara huu wote wa pembe, lakini, unaishia kwenye mbao. Kilicho ndani ya fremu kinafungwa kwa nia tofauti kabisa, kwa sababu iko siku kitatolewa, na siku hiyo kitoke salama. Hili ndilo ninaloliona kuwa kiini cha ufundi huu, na ndilo linalomtenga fundi na mpigilia misumari. Mzee anamfanyia kazi mteja aliyesimama mbele yake, na pia fundi mwingine asiyemjua atakayeifungua fremu hiyo miaka 30 ijayo.

Tarehe 19 Machi 2021, Samia Suluhu Hassan alipoapishwa kuwa Rais baada ya kifo cha John Magufuli, kuta za ofisi zilihitaji picha mpya. Picha ya Mwalimu Nyerere ilibaki mahali pake na ya jirani yake ikashushwa. Fremu zilizofungwa nyuma kwa gundi na misumari mirefu zilivunjika mikononi mwa watu. Zile zilizotoka Ilala zilifunguliwa kwa bisibisi bapa: unainua vibati vidogo vya kupinda vilivyopangwa nyuma, unatoa hadibodi, unabadilisha picha, unavirudisha vibati. Picha ya Rais ikishushwa huletwa nyingine. Cheti cha ndoa cha wazazi hakina nyingine.

Adui wa kwanza wa karatasi ni selotepu. Gundi yake huanza safi, ikageuka njano, halafu ikapenya kwenye karatasi na kuacha alama ambayo hakuna maji wala dawa ya nyumbani itakayoitoa. Mzee hutumia wanga wa ngano, aliouchemsha na maji mpaka ukawa mzito na wa kung'aa, pamoja na karatasi ya Kijapani ya nyuzi za kozo, nyembamba kiasi kwamba unaona kidole upande wa pili lakini ina nyuzi ndefu zisizochanika ovyo. Hukata bawaba mbili ndogo tu. Huzibandika juu ya picha kwa nyuma, na picha ikabaki inaning'inia. Chini haishikwi, pembeni haishikwi. Karatasi hunywa unyevu na kutanuka, hasa huku pwani. Ukiibana pande zote nne haina pa kwenda, inaishia kuwa na mawimbi. Na bawaba zenyewe hazitakiwi kuwa na nguvu kuliko picha. Fremu ikianguka, kinachotakiwa kukatika ni bawaba. Siku ya kuifungua, unyevu kidogo wa maji unatosha kuulainisha wanga, na picha inatoka haina jeraha.

Kisha pambizo, ile kadi yenye dirisha inayoizunguka picha. Wengi huiona ni urembo, na kweli inapendezesha. Upande wa chini mzee huuongeza kidogo: juu na pembeni sentimita 6, chini 7, kwa sababu pande zikilingana kabisa jicho huiona picha inateleza kwenda chini. Lakini kazi yake kubwa ni kuweka hewa. Unene wa kadi hiyo, milimita moja na nusu hivi, ndio unaokitenga kioo na uso wa picha. Mteja akikataa pambizo, mzee hubandika vijiti vyembamba chini ya mdomo wa fremu ili kioo kisiguse. Hilo halina majadiliano.

Kadi nayo ina siri yake. Ile ya bei rahisi hutengenezwa kwa masaga ya mti, na ndani yake mna asidi inayoila karatasi taratibu. Dirisha la pambizo hukatwa kwa kisu kilicholazwa digrii 45, kwa hiyo kiini cha kadi huonekana kama mstari mweupe kuizunguka picha. Baada ya miaka, mstari huo huwa wa kahawia, na siku ukiinua pambizo unakuta kahawia hiyo hiyo imechorwa juu ya picha yenyewe. Mzee ameweka cheti kimoja cha zamani kwenye droo, kimeungua hivyo pande zote nne. Mteja akilalamikia bei ya kadi ya pamba, droo inafunguliwa.

Nilikuwepo siku dada mmoja alipoingia na fremu imefungwa kwenye kanga.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umetuletea nini?”

“Bibi na babu. Wamegandia kioo. Nilitaka unibandulie, halafu uwatilie fremu nyingine.”

Ilikuwa picha ya studio, nyeusi na nyeupe, ya wanandoa waliosimama mbele ya pazia lililochorwa minazi. Mzee hakuifungua. Aliishika kwa vidole vya pembeni, akaiinamisha kwenye mwanga wa mlangoni, akaizungusha kidogo, akaiinamisha tena. Palipogandia panajulikana: pana giza zaidi na panaonekana kama pamelowa, wakati sehemu iliyo huru imefifia kidogo.

“Hapa wameshika. Na hapa. Uso wa bibi uko wote kwenye sehemu iliyoshika,” alisema. “Nikimbandua, uso unabaki kwenye kioo.”

“Sasa tufanyeje, mzee?”

“Tusimbandue.”

Picha za aina hiyo zimebebwa na tabaka la jelatini, kitu kinachopatikana kwa kuchemsha mifupa na ngozi za wanyama, na chembe za fedha zinazofanya weusi wa picha zimo ndani yake. Jelatini ikipata unyevu hulainika, na ikilainika huku imebanwa na kioo hushikana nacho. Ikikauka imekuwa kitu kimoja. Pwani yetu ina unyevu wa mwaka mzima, na picha nyingi zilitiwa fremu bila pambizo ili kupunguza gharama. Zanzibar kuna Capital Art Studio, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930 na mwanawe Rohit akaiendeleza. Lamu alikuwepo Omar Said Bakor. Kazi zao na za wenzao ambao majina yao hayakuandikwa popote zimetawanyika sebuleni na vyumbani kwa watu, na nyingi filamu zake hazipo tena. Hiyo iliyogandia kioo ndiyo pekee iliyobaki.

Kwa hiyo bibi na babu walipigwa picha wakiwa ndani ya kioo chao. Hapa kazi hupita kwa binti wa mzee, ambaye ndiye mwenye kamera, kompyuta na printa kwenye chumba cha nyuma. Aliilaza picha juu ya meza, akaweka taa mbili zinazolingana, moja kila upande, kila moja ikiwa imeinama digrii 45 ili mwanga wake uruke pembeni badala ya kuingia kwenye lenzi. Juu, kuizunguka kamera, alitundika kitambaa cheusi, vinginevyo kioo kingeonyesha kamera yenyewe. Alipima kwa pimamaji kama meza na kamera vimelingana. Alipoikuza kwenye kompyuta tuliona nyuzi za shela, mshono wa koti la babu uliorudiwa kwa mkono, na mpaka wa sehemu iliyogandia ukipita kwenye shavu la bibi.

Kuuondoa mpaka ule ni kazi ya masaa, na hapo ndipo niliposhangazwa na jinsi binti alivyojizuia. Angeweza kulilainisha shavu lote likawa jipya. Alilinganisha tu mwanga wa pande mbili, kidogo kidogo, na kuacha mikunjo, alama ndogo juu ya jicho, hata ukungu wa picha ya awali. Nilipomuuliza kwa nini hakusafisha zaidi, alijibu kwamba yeye hakumwona bibi akiwa hai, kwa hiyo hana ruhusa ya kumchora.

Kilichobaki kilikuwa kuichapa, na uchapaji wa namna hii si wa zamani sana. Mwaka 1991 huko California, Jack Duganne, mchapaji wa karakana ya Nash Editions, alitafuta jina la kuziita picha za sanaa zilizochapwa kwa mashine za Iris, akachagua giclée. Mashine zile zilitoa picha nzuri mno, lakini wino wake wa mwanzo ulikuwa rangi iliyoyeyuka, na rangi ya namna hiyo hufifia mapema ikikaa kwenye mwanga. Baadaye ukaja wino wa chembechembe zisizoyeyuka, zinazokaa juu ya karatasi na kustahimili mwanga kwa muda mrefu zaidi. Printa ya chumba cha nyuma inatumia wino huo, na ina mweusi, kijivu na kijivu hafifu, kila mmoja kwenye chombo chake. Picha ya nyeusi na nyeupe ikichapwa kwa kuchanganya rangi nyingine, vivuli hutoka na ukijani au uzambarau, na marehemu anaonekana mgonjwa.

Lakini umahiri wa binti huyu nauona zaidi kwenye picha za harusi za rangi. Kwa miongo mingi Kodak ilizigawia maabara kadi za kupimia rangi zenye sura ya mwanamke mweupe, zikijulikana kwa jina la Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa imekaa sawa. Ngozi zetu ziliachwa zijitafutie njia, na albamu za familia ni ushahidi: mashati meupe safi, na juu yake nyuso zilizozama gizani zikiwa zimebaki macho na meno. Bibi harusi mweusi ndani ya gauni jeupe ni mtihani mgumu wa uchapaji. Ukimwangaza yeye, lesi ya gauni inapotea. Ukiilinda lesi, yeye anazama. Binti huchapa kwanza vipande vyembamba vya majaribio, uso peke yake na gauni peke yake, anavipeleka mlangoni kwenye mwanga wa mchana, anarudi, anapandisha vivuli kidogo, anachapa tena. Karatasi ya pamba ni ghali na vipande vile havilipwi na mtu. Ukikitazama cha mwisho unaona wekundu ulio chini ya weusi wa shavu, unaona hina, na unaweza kuhesabu maua ya lesi.

Michoro ya Tingatinga ina sheria zake. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kuuawa mwaka 1972, alichora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya kung'aa, ile ya kupakia baiskeli. Kazi ya namna hiyo haihitaji kioo; inahitaji tu isilaliane na nyingine, maana kwenye joto rangi ile hulainika na michoro miwili ikishikana hutoka yote miwili imeharibika. Siku hizi wachoraji wa Oysterbay hutumia sana kanvasi ili mgeni aviringishe mchoro na kusafiri nao. Mzee huwaomba wauviringishe rangi ikiwa nje, ingawa inaonekana kinyume: ikiwa ndani, rangi hubanwa na kujikunja, ikiwa nje hunyooka tu.

Kuuwamba mchoro huo kwenye fremu ni kazi ninayoweza kuitazama bila kuchoka. Haanzii pembeni. Anashikiza katikati ya upande mmoja, anavuta, anashikiza katikati ya upande unaotazamana nao, kisha pande mbili zilizobaki, halafu anasogea kuelekea pembe, kushoto kidogo, kulia kidogo, akibadilishana pande ili nyuzi za kitambaa zisiende mshazari. Pembeni anakunja, hakati, kwa sababu kitambaa kikikatwa hakuna atakayeweza kukiwamba upya. Ndani ya pembe za fremu huacha nafasi za kabari ndogo. Kanvasi ikilegea baada ya mwaka, mwenye nyumba anazigonga kabari kidogo na inakaza tena.

Kibiashara mambo si mepesi. Kariakoo fremu za plastiki kutoka China zinauzwa kwa bei ambayo mzee hainunulii hata kioo, na kwa picha ya kawaida yeye mwenyewe humshauri mteja akanunue huko. Zile zimetengenezwa kwa vipimo vya karatasi, A4 na A3, na anayeingia Ilala ana kitu kisichoingia humo: hati ya kiwanja iliyokunjwa, aya ya Kursi iliyoandikwa kwa mkono, jezi, kanga ya mama, picha ya marehemu ya kuwahi arobaini. Wapo wanaosema, “Fundi, ikate tu iingie kwenye fremu hii.” Hakati. Nimemwona akirudisha malipo ya awali kwa sababu hiyo. Anazo pia picha ambazo hazikufuatwa, zimepangwa wima kwenye kona, kila moja na namba ya simu isiyopatikana, na bado huzigeuza na kuzifuta vumbi.

Nyuma ya kila fremu hubandika karatasi ndogo aliyoiandika kwa penseli: mwezi na mwaka, aina ya mbao, kadi ya pamba au ya kawaida, bawaba ziko wapi na zimeshikwa kwa nini. Kwenye ile ya bibi na babu aliongeza kwamba hii ni nakala, na kwamba picha ya asili iko kwenye boksi pamoja na kioo chake, isibanduliwe.

Dada alipokuja kuchukua, mzee alimuuliza atawatundika wapi.

“Sebuleni, mzee, unapoingia tu.”

“Jua linafika hapo?”

“La jioni.”

“Basi ukuta wa pili.”

“Ukuta wa pili nyuma yake kuna bafu.”

Mzee alifikiri. Akachukua vizibo viwili, akavikata bapa, akavibandika nyuma kwenye pembe za chini ili fremu isilale ukutani na hewa ipite. Akampa kulabu mbili badala ya moja.

“Ukuta huo huo wa unapoingia. Weka pazia zito dirishani, ulifunge saa kumi,” alisema. “Na ukuta ukianza kutoa chumvi, niletee niwafungue niangalie.”